Shahidi wa Jicho Langu

"Umewahi kupata tatizo lolote la jicho? Hata zamani?"

Daktari aliuliza huku akiendelea kutazama kioo cha kompyuta, ambako ubongo wangu ulikuwa ukipita kipande baada ya kipande kila alipozungusha kidole. Nikajibu haraka, kama mwanafunzi aliyekuwa akiomba aulizwe yeye.

"Ndiyo."

"Jicho gani?"

"La kulia."

"Lini?"

"Miaka mitatu iliyopita. Liliingia ukungu."

"Kwa muda gani?"

"Wiki mbili hivi."

"Ulipolizungusha, liliuma?"

"Ndiyo," nikasema. "Liliuma."

Hapo akaiacha kompyuta, akanigeukia mzima mzima, kisha akainama kuandika. Aliandika mistari mitatu. Najua ilikuwa mitatu kwa sababu niliihesabu kichwa chini miguu juu, kutoka upande wangu wa meza.

Majibu matano. Nimekaa nayo wiki saba. Mawili ya kwanza naweza kuyaapia. La tatu ni kadirio. La nne sijui nililitoa wapi. La tano ndilo linaloniamsha usiku, maana kila nikilirudia nashindwa kujibu swali dogo sana: nililikumbuka, au nililisoma?

## Ganzi

Mnaonisoma mara kwa mara mnaijua habari ya mkono wangu wa kushoto, sitairudia yote. Ganzi ilianza kwenye vidole viwili vya mwisho, ikapanda hadi kiwikoni, ikakaa siku 19, ikaondoka bila kuaga. Vipimo vya damu vilikuwa safi. Nyundo ya daktari ilipita magotini na viwikoni, kila kiungo kikaruka inavyotakiwa. Akanikwaruza nyayo, vidole vikakunja kwenda chini. Hilo ni jambo jema: tangu daktari Mfaransa Babinski aieleze alama hiyo mwaka 1896, kidole gumba cha mguu kikinyanyuka juu kwa mtu mzima, daktari hujua kuna hitilafu kwenye njia za fahamu zinazoshuka kutoka ubongoni. Changu kilitii.

Ndipo nikapelekwa MRI, kipimo kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku.

Ripoti ilikuwa nusu ukurasa. Nikiigeuza kwa maneno ya kawaida, ilisema hivi: yapo madoa meupe machache, madogo, yaliyotawanyika katika sehemu nyeupe ya ubongo, yasiyo mahususi, yanaweza kutokana na kipandauso, na mishipa midogo ya damu, au na ugonjwa unaoharibu ala ya neva, tafadhali oanisha na hali ya mgonjwa.

Yasiyo mahususi.

Nilikasirika. Nilikuwa nimelala ndani ya lile bomba dakika 40, kichwa kikiwa kwenye kizimba cha plastiki, mashine ikigonga kana kwamba mtu anabomoa ukuta wa chumba cha pili, halafu naambiwa kitu kimeonekana ila hakijulikani ni kitu gani. Bora wasingeona.

## Weupe

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa mashine ile inapiga picha ya nini. Nilidhani inapiga picha ya ugonjwa. Kumbe inapiga picha ya maji.

Mwili umejaa maji, na kiini cha kila hidrojeni iliyo ndani ya maji hayo ni kama kisumaku kidogo. Sumaku ya mashine, mara nyingi ya tesla 1.5 au 3, ina nguvu mara makumi ya maelfu kuliko ile ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Ukilala ndani yake, sehemu ndogo ya visumaku vyako hujipanga kuifuata. Mashine inavisukuma kando kwa mawimbi ya redio, kisha inasikiliza jinsi vinavyorudi mahali pake. Maji yaliyobanwa na mafuta ya ala ya neva hurudi kwa mwendo mmoja, maji yaliyolegea hurudi kwa mwendo mwingine, na tofauti hiyo ndiyo inayochora picha. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi hiyo. Sina ugomvi nao.

Kuna aina moja ya picha, FLAIR, inayozima mng'ao wa maji ya kawaida yaliyojaa kwenye vyumba vya ubongo ili kitakachobaki kinang'aa kionekane vizuri. Madoa yangu yalijitokeza humo. Kwa hiyo doa jeupe, ukilivua majina yote, linasema neno moja tu: hapa maji yamelegea kuliko ilivyotarajiwa. Kwa nini yamelegea, halisemi. Labda shinikizo la damu limechosha mishipa midogo. Labda sigara. Labda miaka. Labda kipandauso, ambacho mimi ninacho tangu sekondari. Au labda kinga ya mwili imeishambulia mayelini, ile ala ya mafuta inayozivika nyuzi za neva, ikaacha kovu. Hapo ndipo lilipo jina ambalo daktari alilitaja kwa herufi mbili, MS, na kirefu chake maltipo sklerosisi, yaani makovu magumu mengi.

Sababu zote hizo, rangi moja.

Hasira yangu ilianza kupungua hapo. Mtaalamu aliyeisoma picha hajawahi kuniona. Mezani kwake alikuwa na weupe, umri wangu, na mstari mmoja wa swali kwenye fomu: "Ganzi mkono wa kushoto. Kuna MS?" Aliona weupe akaandika weupe. Angeweza kubuni zaidi ya hapo na mimi ningeondoka nimeridhika.

## Kuhesabu

Walinipa diski ya picha zangu. Ushauri wa bure: usiifungue saa sita usiku.

Mara ya kwanza nilihesabu madoa 11. Nikaanza upya, yakawa 14. Usiku wa tatu yalifika 17, na nikajiona naufuatilia ugonjwa ukienea, ingawa picha ilikuwa ile ile ya tarehe ile ile. Nilikuwa najua kwamba mkono wa kushoto hutawaliwa na nusu ya kulia ya ubongo, basi nikachagua doa moja nene lililokuwa upande wa kulia wa kioo, nikaamua huyo ndiye mwizi wa vidole vyangu. Nililichukia doa lile wiki nzima. Nilikuwa nalifungua kulitazama kabla ya kwenda kazini.

Daktari alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia picha hizi hupangwa kana kwamba unamtazama mgonjwa kutokea miguuni. Kulia kwa kioo ni kushoto kwa mgonjwa.

Nilikuwa nimemchukia asiye na hatia.

Yeye alihesabu madoa sita. Mengine niliyoyaongeza yalikuwa mishipa ya damu iliyokatwa mshazari, nafasi za kawaida zinazoizunguka, na kivuli kimoja kilichotokana na mapigo ya mshipa wakati mashine inafanya kazi. Nikamuuliza, sita ni nyingi? Akasema inategemea ni sita za nini.

Baadaye nilikutana na utafiti wa Rotterdam, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2007. Watu 2,000 wa kawaida, wa umri wa miaka 45 na zaidi, walipigwa MRI ya ubongo. Asilimia 7.2 walikuwa na alama za viharusi ambavyo hawakuwahi kujua vimewapata. Asilimia 1.8 walikuwa na mishipa ya damu iliyotuna. Asilimia 1.6 walikuwa na vivimbe visivyo vya saratani. Wote hao walikuwa wakiishi na mambo yao. Sijui kama takwimu hizo zilinifariji au ziliniongezea hofu. Nakumbuka tu kwamba nilitazama watu waliokuwa karibu nami siku ile nikaanza kuwahesabu kwa asilimia.

## Mahali na wakati

Daktari Jean-Martin Charcot, huko Paris mwaka 1868, alilinganisha dalili za wagonjwa wake wa MS na makovu aliyoyakuta ubongoni na kwenye uti wa mgongo baada ya kupasua maiti zao. Kwa njia ile uhakika hupatikana. Hainifai.

Kwa mtu aliye hai, kwa miaka mingi madaktari wameshikilia hoja moja: MS hupiga mahali tofauti, kwa nyakati tofauti. Vigezo vya mwaka 1965, vya jopo la Schumacher, vilisema hivyo kabla MRI haijakuwapo. Vigezo vinavyotumika sasa vinaitwa kwa jina la Ian McDonald, daktari wa mishipa ya fahamu aliyezaliwa New Zealand. Vilitoka mwaka 2001, vikarekebishwa 2005, 2010, 2017 na 2024. Vinayataja maeneo yenyewe: pembeni mwa vyumba vya maji vya ubongo, kwenye gamba la ubongo au chini yake tu, kwenye shina la ubongo na serebela, yaani ubongo mdogo wa nyuma, na kwenye uti wa mgongo. Marekebisho ya 2024 yakaongeza eneo la tano: neva ya jicho.

Kwa hiyo mtu anaweza kulala hana ugonjwa na kuamka anao, bila chochote kubadilika mwilini mwake. Wajuzi wamekutana tu wakasogeza mstari. Silisemi hili kwa kejeli, mstari husogezwa kwa sababu nzuri, wagonjwa watibiwe mapema. Ila ukiwa umesimama karibu na mstari unausikia ukisogea.

Nami nimesimama karibu kweli kweli. Madoa matano kati ya sita yako katikati ya sehemu nyeupe, mbali na maeneo yanayotajwa, pale ambapo kipandauso na mishipa midogo hupenda kuacha alama. La sita liko jirani na chumba cha maji. Linakigusa, au halikigusi?

Ripoti inasema halikigusi.

"Mimi naona kama limegusa," daktari alisema, akalikuza doa hadi likawa miraba ya kijivu. "Au tuseme limekaribia." Mwaka 1916 James Dawson, mtaalamu wa patholojia wa Scotland, alieleza jinsi makovu ya MS yanavyosimama kutoka kwenye vyumba hivyo kama vidole, yakifuata mishipa ya damu. Langu ni la duara. Halifanani na kidole. Lakini halifanani na kingine chochote pia.

Hayo ni ya mahali. Kuhusu wakati, picha moja inaweza kutoa ushahidi endapo dawa ya gadolini inayochomwa mshipani itayawasha baadhi ya madoa, ambayo ni mapya, na kuyaacha mengine. Kwangu halikuwaka hata moja. Yote ya zamani, au yote hayahusiki.

Ikabaki historia. Sumaku yenye nguvu zote zile ilifika mwisho wa uwezo wake, ikamgeukia mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha plastiki: wewe unakumbuka nini?

## Shuka jekundu

Kati ya siku ya ripoti na siku ya kumwona daktari zilipita siku tisa. Niliziteketeza kwa kusoma. Nilisoma kwamba MS mara nyingi hujitokeza kwanza kwa kuvimba kwa neva ya jicho: jicho moja linaingia ukungu taratibu kwa siku kadhaa, linauma ukilizungusha, rangi zinapauka, hasa nyekundu, kisha katika wiki zinazofuata kuona kunarudi. Niliposoma hivyo nikakumbuka jicho langu.

Au jicho langu likaumbwa upya hapo hapo. Ndicho ninachobishana nacho.

Maana nakumbuka mengi mno. Nakumbuka nimekaa ukingoni mwa kitanda, mkono umefunika jicho la kushoto, natazama shuka jekundu kwa jicho la kulia, naliona limepauka kama limefuliwa mara mia. Kumbukumbu hiyo ni safi. Ina mwanga wa dirishani. Ina sauti za watu nje. Ningeulizwa rangi ya ukuta ningeitaja.

Wiki ya pili baada ya kumwona daktari nilikuwa nalitandika shuka lile lile nikasimama katikati ya chumba. Shuka lile nililinunua tulipohamia nyumba hii. Tulihamia baada ya jicho, karibu mwaka mzima baadaye.

Nikalikunja nikalirudisha kabatini, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Kama shuka ni la uongo, maumivu je? Nilijaribu kulikumbuka jicho bila kuyagusa niliyoyasoma, nikagundua haiwezekani. Nikiufikia ukungu, maumivu yanakuja yenyewe, yameshikana nao. Wiki mbili nazo zinakuja, kwa sababu mahali fulani niliona neno "wiki". Sikumdanganya daktari. Nilimwambia nilichokiona nilipogeuka nyuma, na nilichokiona kilikuwa kimeshapangwa vizuri na mtu aliyejua swali litakalofuata.

Na kuna jambo la aibu zaidi, niliandike kabla sijaghairi. Daktari alipoacha kompyuta akanigeukia, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu ganzi ianze, mtu aliyesomea mambo haya alinitazama kama mtu mwenye kitu. Nilitaka jina. Hata jina baya. Siku zile 19 za mkono uliokufa zilikuwa zinaelea bila pa kutua, na jina lingezipa pa kutua. Sikusema "liliuma" ili nipate jina. Lakini siwezi kuapa kwamba hamu ile haikuwa chumbani nilipokuwa nasema.

## Ujumbe wa simu

Nina mdogo wangu wa kiume ambaye tunaandikiana kila kitu kwenye simu, hasa upuuzi. Nikaona kama jicho lilinisumbua kweli, lazima nilimlalamikia yeye. Nikaanza kurudi nyuma, mwezi baada ya mwezi, nikipita vichekesho, salamu za sikukuu, picha za watoto ambao sasa ni warefu.

Nikalipata. Halikuwa la miaka mitatu iliyopita. Lilikuwa la miaka minne na nusu.

"Jicho linanisumbua, naona ukungu ukungu. Nadhani ni huu usingizi wa mang'amung'amu."

"Pole dada. Lipi?"

"La kulia. Upande wangu ule ule wa siku zote."

Baada ya hapo tukaingia kwenye habari za mpira. Siku saba zikapita tukizungumza mengine. Siku ya nane akaniuliza:

"Dada, jicho vipi?"

Nami nikamjibu:

"Jicho gani?"

Nilikaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima. *Upande wangu ule ule wa siku zote.* Kipandauso changu hunishika upande wa kulia. Nilichokuwa namwambia mdogo wangu siku ile, kwa lugha yetu ya nyumbani, ni kwamba kichwa changu kimeanza mambo yake. Na siku nane baadaye nilikuwa nimeshasahau. Jicho ambalo neva yake imevimba sidhani kama mtu hulisahau ndani ya siku nane. Kwa kawaida huwa ndio kwanza linaanza kupata nafuu, kama limeanza.

Hakuna neno kuhusu maumivu ya kulizungusha. Hakuna shuka.

Nikampigia mdogo wangu. Hakumbuki chochote. Akaniuliza kama naumwa, nikamwambia sijui, akacheka kidogo akidhani ni utani, kisha akanyamaza.

## Ubao wa drafti

Kabla sijamwona daktari mara ya pili nilikuwa nimepangiwa kipimo kingine, na nacho nitakieleza kwa sababu kilinigusa kwa namna ambayo MRI haikunigusa. Wanakubandika waya kisogoni, pale ambapo ubongo hupokea habari za macho. Unafunikwa jicho moja. Mbele yako kuna kioo chenye miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti, na miraba inabadilishana rangi bila kupumzika: nyeusi inakuwa nyeupe, nyeupe inakuwa nyeusi. Kazi yako ni kutazama nukta ya katikati. Kompyuta inapima inachukua milisekunde ngapi kwa kisogo kupata habari. Kwa jicho zima ni karibu 100.

Neva iliyowahi kuvimba mara nyingi hubaki ikichelewesha habari hata baada ya mwenyewe kuona vizuri na kusahau. Haisomi makala usiku. Haina hamu ya jina.

Macho yangu yote mawili yalifikisha habari kwa wakati, yakipishana milisekunde mbili.

## "Ulifunika jicho?"

Nilimwonyesha daktari simu. Nikamweleza habari ya shuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa karipio, maana nilikuwa nimeharibu mistari yake mitatu. Alisoma ujumbe mara mbili, akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria.

"Siku ile, ulifunika jicho moja ukatazama na jingine?"

"Kwenye kumbukumbu ya shuka, ndiyo."

"Ukiacha shuka."

"Sijui."

Akanieleza kwamba kipandauso huweza kuvuruga upande mmoja wa mandhari ambayo macho yote mawili huyaona kwa pamoja, kwa sababu tatizo liko nyuma, kwenye ubongo. Mtu anaona upande wa kulia una ukungu, anasema jicho la kulia lina ukungu. Usipofunika moja moja huwezi kujua. Na ukungu wa namna hiyo kwa kawaida hauzidi saa moja.

Saa moja! Mimi nilikuwa nimempa wiki mbili.

Nikamuuliza, basi si MS? Akatikisa kichwa, lakini si kwa namna ya kukataa. Kipimo cha drafti kuwa kizuri hakifuti kila kitu. Ujumbe wa simu kutotaja maumivu haumaanishi hayakuwapo. Doa la sita bado lipo pale lilipo. Ganzi ya siku 19 ilikuwa ya kweli na hakuna aliyeieleza bado. Kipandauso ni miongoni mwa hali ambazo mara kwa mara huchukuliwa kimakosa kuwa MS, na makosa hayo yana gharama: dawa za MS zinacheza na kinga ya mwili, humpi mtu kwa kubahatisha. Upande wa pili, aliye nayo kweli akicheleweshwa, kinachoharibika huenda kisirudi. Aliyasema yote mawili kwa sauti ile ile, akaniacha nikae katikati.

Tuliongelea kuchukua maji ya uti wa mgongo. Takriban wagonjwa tisa kati ya kumi wa MS hukutwa na alama fulani za protini humo. Tuliamua kusubiri kwanza. Nimeandika "tuliamua", lakini alinipa nafasi ya kuchagua na mimi nikaogopa sindano. Acha liandikwe hivyo.

Jambo moja lilinikaa. Wapo watu ambao picha zao ni za MS tupu na hawajawahi kupata dalili hata moja. Hali hiyo ilipewa jina lake mwaka 2009. Takriban theluthi moja yao hupata shambulio la kwanza ndani ya miaka mitano. Nilimuuliza daktari wale theluthi mbili wanaishije hiyo miaka mitano. Akasema wengine hukata tamaa ya kumuuliza.

## Fomu

Picha ya pili itapigwa miezi sita baada ya ile ya kwanza, safari hii pamoja na uti wa mgongo sehemu ya shingo. Doa jipya likitokea mahali panapohusika, wakati utakuwa umethibitika bila kunihitaji mimi. Lisipotokea, tutapanga tarehe nyingine.

Alichukua fomu ya maombi ya kipimo, ile ile niliyoiona mara ya kwanza yenye swali la mstari mmoja. Aliandika kwa muda mrefu kidogo. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuona daktari akilifanya: akaigeuza karatasi juu ya meza, ikaniangalia mimi.

"Soma," akasema. "Uone kama nimekunukuu sawasawa."

Ilikuwa imeandikwa: *Kipandauso, tangu ujana. Ganzi mkono wa kushoto, siku 19, imepona. Jicho la kulia, miaka 4 na nusu iliyopita, ukungu, chini ya siku 8, pengine saa chache. Maumivu: mgonjwa hana hakika. Linganisha na picha ya awali, hasa doa la karibu na chumba cha maji.*

Niliisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari.

"Sawa," nikamwambia.

Akaigeuza, akatia sahihi.